MAHAGI NI YA NANI?

Hotuba iliyosemwa mbele ya wachimbaji, wafanyakazi na wenyeji wa mji. Tunaichapa nzima.



Mmeniita niseme juu ya watu wa mji huu: ni akina nani, walitoka wapi, na kila kabila lina fungu gani. Najua kwa nini neno hili linawasha. Kila kazi inapotokea, kila kiwanja kinapopimwa, kila karani anapokaa mezani na daftari lake, kuna mtu huuliza kwa sauti ndogo: "Huyu ni wa hapa kweli?" Sauti hiyo ni ndogo, lakini katika Ituri yetu tumekwisha kuona mahali inapofika. Basi leo tuiseme kwa sauti kubwa, mchana, mbele ya watu wote.

WALIOTUTANGULIA

Tuanze na walio wengi. Teritwari ya Mahagi ni nchi ya Waalur. Hilo halina ubishi. Tazameni sheferi zake: Anghal, Djukoth, Panduru, War Palara, Mokambo. Lakini katika orodha hiyo hiyo mtaikuta Walendu Watsi, nayo ni sheferi ya Walendu. Wako Waokebo, mafundi wa chuma tangu zamani. Wako Walugbara walioshuka kutoka Aru, Wahema waliotoka Djugu, Wanande waliopanda na biashara kutoka Butembo. Ingieni sokoni asubuhi. Mwanamke anauza dagaa kwa Kialur, anarudisha chenji kwa Kiswahili, anamkaripia mtoto kwa Kilendu, na askari akipita anamjibu kwa Lingala. Mwanamke huyo mtamwandika katika mstari gani?

Sasa nauliza: Waalur nao, je, walichipuka hapa kama uyoga? Wazee wao wenyewe wanasema hapana. Wao ni Waluo, walikuja kutoka kaskazini wakifuata Mto Nile. Na wote tumesikia habari ya wale ndugu wawili, Gipir na Labongo. Mmoja alichukua mkuki wa nduguye akamchoma tembo, tembo akakimbia na mkuki. Mwenye mkuki akakataa kulipwa mkuki mwingine: "Nataka ule ule wangu." Ndugu yake akaenda porini akateseka mpaka akaupata. Siku zikapita. Mtoto wa yule mwenye mkuki akameza ushanga wa nduguye. Naye akasema: "Nataka ule ule wangu." Tumbo la mtoto likapasuliwa. Ushanga ulipatikana, mtoto akafa. Pale Pubungu, karibu na Pakwach, ndugu wakaachana, mmoja akavuka mto kuja magharibi.

Ndugu zangu, wazee hawakutuachia hadithi ile kwa ajili ya kulaza watoto. Walituambia kwamba taifa moja lilivunjika kwa neno moja: "changu ni changu." Na neno hilo ndilo tunalolisikia leo katika sauti ile ndogo.

Waalur walipopanda huku milimani waliwakuta watu. Waliwakuta Walendu, Waokebo, Wamadi. Waliishi nao namna gani? Si kwa mkuki peke yake. Mwingereza mmoja, Aidan Southall, alikaa kati ya Waalur akachunguza mambo yao, akatoa kitabu mwaka 1956. Aliandika jambo ambalo wazee walikwisha kulijua: kwamba mara nyingi watu wa vilima waliomba wenyewe wapewe mtoto wa chifu Mwalur, aje akae kwao, awaamulie kesi, awaombee mvua. Na Mwalur naye alilima kwa jembe lililofuliwa na Mwokebo. Mvua ilitoka kwa mmoja, chuma kwa mwingine, na wote wakala ulezi mmoja. Wakaoana. Leo yuko mtu anayesema "mimi ni Mwalur halisi," na babu wa babu yake alikuwa Mlendu. Hasemi uongo. Ukoo wake umekuwa Waalur, kwa kuoa, kwa lugha, kwa kukaa.

KABILA NALO HUZALIWA

Watu hudhani kwamba makabila yalishuka kutoka mbinguni, kila moja na jina lake shingoni. Si kweli. Kabila huzaliwa, hukua, hugawanyika, hupokea wageni. Nitawapa mifano miwili ya hapa hapa kwetu.

Mwaka 1888 Stanley alionana na Emin Pasha kando ya Ziwa Albert. Emin alikuwa gavana wa jimbo la Ikweta kwa ajili ya Misri, akakatiwa njia na vita vya Mahdi. Walipoondoka mwaka 1889, askari wao wengi walibaki, wengine upande huu wa ziwa, mpaka mwaka 1891 Lugard akaja kuwachukua kwa kazi ya Waingereza. Askari hao walikuwa wa makabila mengi ya kusini mwa Sudani na ya huku kwetu. Lakini kambi moja, dini moja ya Kiislamu na lugha moja ya Kiarabu cha askari viliwafanya watu wamoja. Leo wanaitwa Wanubi, mtawakuta Arua na kwingineko katika Uganda. Bunduki na kambi ndivyo vilivyowazaa.

Mfano wa pili ni Wangwana, waliokuja na misafara ya watu wa pwani na ya Maniema. Wao walitoka kila kabila. Kilichowaunganisha ni biashara, dini na hiki Kiswahili tunachosema hapa sasa. Baba zetu walipoingia machimboni walikikuta kimekwisha kufika, wakakishika, nacho kikawashika.

MPAKA ULIOPITA KATIKA UWANJA WA NYUMBA

Sasa tuje kwenye mpaka. Tarehe 12 Mei 1894 Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji walitia mkataba. Mfalme alipewa kupanga nchi ya Lado, na bandari ya Mahagi ikatajwa kwa jina lake ili Kongo ipate njia ya kufika ziwani. Mwalur hakuulizwa, wala Mlendu. Leopold alikufa Desemba 1909. Mwaka 1910 nchi ya Lado ikapewa Sudani ya Waingereza, na mwaka 1914 upande wa Nile Magharibi ukahamishwa tena, ukatiwa Uganda. Mtu wa ng'ambo ile, kama alikuwa mzima miaka yote hiyo, alikuwa raia wa tawala tatu bila kutoka katika shamba lake la mihogo.

Hivyo ndivyo tulivyopata mpaka. Mjomba akawa "Mganda," mpwa akawa "Mkongo." Lakini harusi hazikusimama, misiba haikusimama, wala soko halikusimama. Zamani meli kutoka Butiaba zilivuka ziwa mpaka Kasenyi na Mahagi-Port, zikileta mizigo iliyoshuka Mombasa. Kwa mizigo, mpaka ulikuwa mlango. Kwa watu, walitaka uwe ukuta.

DAFTARI LA BULA MATARI

Bula Matari alipenda kuhesabu, tena alijua kwa nini. Alihesabu kwanza kwa rangi: huku Mzungu, huku mtu asiye Mzungu wala mwenyeji, huku mwenyeji. Rangi ilikuonyesha utalala mtaa gani, utatibiwa wapi, mshahara wako utakuwa kiasi gani. Katika miji mingi ya Kongo kuliachwa nafasi tupu kati ya nyumba za Wazungu na mtaa wa weusi, ule ulioitwa site, na usiku mtu mweusi hakupita kwa Wazungu bila karatasi. Mwaka 1948 wakaleta kadi ya sifa, na mwaka 1952 wakaleta kuandikishwa kwa wale walioitwa "walioendelea." Mtu alikaguliwa nyumbani, jikoni na mezani, aonekane kama ameacha ushenzi. Katika nchi nzima ya mamilioni ya watu, walioandikishwa kwa sheria ile ya 1952 hawakuwa wengi hata kujaza kijiji.

Baada ya rangi, alihesabu kwa kabila. Kila mtu ilimpasa awe na sheferi yake na buku lake. Baada ya chifu Mhema Bomera kuuawa mwaka 1911, Wabelgiji walianza kutenga Wahema na Walendu katika nchi mbalimbali. Watu waliokuwa wakioana, wakiuziana maziwa na chakula, na mara nyingine wakigombana kama majirani wote, waliwekewa mistari katikati. Kisha wakaandika katika vitabu: hawa wana akili ya kutawala, hawa ni wakaidi, hawa wanafaa kubeba, hawa wanafaa kulinda. Ndugu zangu, huo haukuwa ujuzi. Ulikuwa ugawaji wa kazi na kodi. Lakini uovu wake ni huu: mtu akiambiwa miaka hamsini kwamba kabila lake ni la watawala, mwisho ataamini. Na aliyeambiwa kwamba ni mkaidi, naye ataamini, au atachukia.

MACHIMBONI

Ninyi wachimbaji mnajua neno hili kuliko wote. Dhahabu ya Kilo ilionekana mwaka 1903. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya machimbo ya Kilo-Moto. Watu walitoka wapi? Machifu walilazimishwa kutoa vijana. Walitoka Mahagi, walitoka Aru, walitoka Djugu na Irumu, na wengine mbali zaidi. Chakula chao kilitoka katika mashamba ya majirani, kwa bei ambayo mkulima hakuipanga.

Ndani ya shimo, udongo ukishuka hauulizi kabila. Waliofukiwa walifukuliwa na yeyote aliyekuwa karibu na koleo. Lakini juu, kwenye meza ya mshahara, makabila yalirudi tena. Ilikuwa faida ya nani? Si faida ya mchimbaji. Waliogawanyika hawawezi kudai pamoja. Na leo machimbo ya mikono huko Mongbwalu yana Mwalur, Mlendu, Mhema, Mlugbara, Mnande, na kila mmoja anajua kwamba mnunuzi wa dhahabu hapandishi bei kwa sababu ya kabila la muuzaji.

WALIOFIKA NA WALIOONDOKA

Mji ni kama kituo cha njia. Wako waliofika, wako waliokwenda. Wagiriki walikuwa na maduka na biashara katika pande hizi za Kongo, na walowezi Wazungu walikuwa na mashamba katika milima yetu. Nioka kulikuwa na kituo cha uchunguzi wa kilimo. Wengi waliondoka katika machafuko ya uhuru wa 1960 na maasi ya Simba ya 1964. Waliobaki na biashara wakanyang'anywa kwa amri ya Mobutu ya Novemba 1973. Mwaka mmoja kabla, Agosti 1972, Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda.

Katika nchi hizo mbili tuliambiwa: wakishaondoka, mali itakuwa yetu. Jibu mnalijua. Maduka yalipewa wakubwa na marafiki zao, rafu zikabaki tupu, na mwananchi akatembea siku nzima akitafuta chumvi. Basi anayewaambia leo kwamba kumfukuza jirani kutawatajirisha, mwambieni: dawa hiyo tumekwisha kuinywa.

Na kumbukeni upande wa pili. Amin alipoanguka mwaka 1979, watu wa Nile Magharibi waliadhibiwa kwa sababu Amin alitoka pande zao. Walikimbilia Zaire na Sudani kwa malaki. Walilala Aru, walilala Mahagi. Miaka ishirini baadaye Ituri ikawaka, nasi tukakimbilia kwao. Mkimbizi wa jana akawa mwenyeji, mwenyeji akawa mkimbizi. Basi "mtu wa kuja" ni nani? Ni jina ambalo kila mmoja wetu amelivaa au atalivaa.

MOTO TULIOUONA

Vita ya Ituri ilianza mwaka 1999 katika teritwari ya Djugu. Ilianza na ardhi. Sheria ya 1973 ilifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, na wenye fedha na maarifa ya karatasi wakaweza kupata hati za mashamba ya zamani ya Wazungu, hata mahali palipokuwa na watu. Ugomvi wa shamba ukavishwa nguo ya kabila. Bunduki zikaja, majeshi ya nje yakaja, wenye tamaa ya dhahabu wakaja. Mpaka mwaka 2003 watu zaidi ya elfu hamsini walikuwa wamekufa, kwa makadirio ya mashirika. Waalur ambao hawakuanzisha ugomvi ule waliingizwa nao, wakauawa, na baadhi ya vijana wao wakapewa silaha. Kutoka mwisho wa 2017 mauaji yakarudi Djugu, yakafika Mahagi, na Mei 2021 Ituri yote ikawekwa chini ya utawala wa kijeshi.

Katika miaka ile, kwenye kizuizi cha njiani, mtu aliulizwa lugha yake, na jibu lilikuwa uhai au kifo. Wale watoto wa Mama Mlendu na Baba Mhema walijibu nini? Niambieni. Walikuwa na jibu gani lililo salama?

SHERIA MBILI, MAJINA YALE YALE

Sasa sikilizeni sheria. Sheria yetu ya uraia ya Novemba 2004, na katiba ya 2006, zasema kwamba Mkongo wa asili ni yule wa makabila ambayo watu wake na ardhi yao vilikuwa Kongo wakati wa uhuru. Wakati huo ni 30 Juni 1960. Vukeni sasa Uganda. Katiba yao ya 1995 inaorodhesha makabila yaliyokuwa ndani ya mipaka yao tarehe 1 Februari 1926. Someni orodha hiyo: Waalur wamo. Walugbara wamo. Walendu wamo. Waokebo wamo.

Maana yake nini? Maana yake kabila peke yake haliwezi kumwambia askari wa mpakani nani ni mgeni. Mwalur ni Mkongo kwa sheria, na Mwalur ni Mganda kwa sheria, itategemea wazazi wake na mahali walipokaa. Anayemwita jirani yake "Mganda" kwa sababu ya lugha tu, hajui sheria za nchi zote mbili. Na katiba yetu, katika kifungu cha 13, inakataza kumbagua Mkongo katika masomo, katika kazi za serikali au katika jambo lolote kwa sababu ya rangi au kabila lake. Kishikeni kichwani kifungu hicho. Siku moja mtakihitaji mbele ya meza ya karani.

TUHESABIWE AU TUSIHESABIWE?

Wengine watasema: basi tusiulizane kabila kabisa. Tanzania walifanya hivyo, tangu hesabu ya 1967 hawaulizi kabila. Rwanda waliondoa kabila katika vitambulisho baada ya 1994, kwa kuwa kadi walizoachiwa na Wabelgiji zilitumiwa vizuizini kuchagua wa kuua. Burundi wao walichagua njia nyingine: katiba yao ya 2005 iliweka Wahutu sitini na Watutsi arobaini kwa kila mia katika serikali, na jeshi nusu kwa nusu, ili asiwepo wa kumezwa. Kenya wanahesabu kabila na kulichapisha.

Mimi sisemi tufiche makabila. Kabila likifichwa na huku kazi zote zimekwenda kwa ukoo mmoja, kufunika huko ni kumsaidia mwizi. Mwenye kuonewa ana haki ya kusema: tuhesabu, tuone. Lakini ulizeni daima: hesabu hii ni ya kazi gani? Kama ni ya kuonyesha ni kijiji gani hakina shule, ni mtaa gani hauna bomba, lugha gani itumike hospitalini ili mama aelewane na mganga, hiyo ni hesabu ya baba anayegawa chakula. Kama ni ya kujua nani anyimwe kiwanja, hiyo ni hesabu ya Bula Matari, hata kama karani ni mweusi kama mimi. Hesabu ya mwisho ya watu wote wa nchi yetu ilifanywa mwaka 1984. Tangu hapo wanasiasa wanatutajia ukubwa wa makabila yao kwa vinywa tu.

TUFANYE NINI

Ndugu wafanyakazi, nina mambo manne tu.

La kwanza: kazi ikitangazwa, tudai itangazwe ubaoni, na wote waone ujuzi unaotakiwa. Kazi inayogawanywa gizani ndiyo inayozaa maneno ya kabila.

La pili: kiwanja kikipimwa, wazee wa jirani wa kila kabila wawepo, na karatasi isomwe kwa lugha ambayo watu wanaisikia, si Kifaransa peke yake. Vita yetu ilitoka katika karatasi ambazo maskini hakusomewa.

La tatu: karani wa hesabu akija, mjibuni ukweli. Na mwenye mama Mlendu na baba Mwalur aseme vyote viwili, wala asione haya. Daftari likikosa nafasi ya watu wawili, kosa ni la daftari.

La nne: mtu akikuuliza kwa sauti ndogo, "Huyu ni wa hapa kweli?" wewe mjibu kwa sauti kubwa: "Analipa kodi hapa, anazika watu wake hapa, watoto wake wanasoma na wangu. Wewe unamtakia nini?"

Kidole kimoja hakivunji chawa. Waalur ndio wengi hapa, na walio wengi wana mzigo mkubwa zaidi: wao ndio wanaoweza kumfanya mchache alale usingizi. Nao wachache wana mzigo wao: wasijifungie kwa hofu na kungoja mkombozi mwenye bunduki.

Mliniuliza Mahagi ni ya nani. Ni ya Waalur walioipa lugha, ya Walendu waliokutwa hapa, ya Waokebo waliofua jembe, ya Walugbara, Wahema, Wanande na wengine waliojenga na kuzaa hapa. Ni mkuki mmoja. Tusipasue tumbo la mtoto kwa ajili ya ushanga.

Sasa waulize wenye maswali.